Wajumbe Wadogo wa Mwili: Kemikali Zinazovuruga Homoni na Afya ya Familia Zetu

Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa



Katika kazi yetu ya kuwaelimisha watumiaji wa bidhaa tunaulizwa maswali mengi, na katika siku za karibuni swali moja linarudi kila tunapokwenda. Mama anashika chupa ya kunyonyeshea na kutuuliza kama plastiki ile inaweza kumdhuru mwanawe. Mkulima anauliza kama dawa anazopuliza shambani zina uhusiano na kukosa kwake mtoto. Msichana anauliza kama ni kweli kwamba krimu anayopaka usoni ina homoni ndani yake. Tumeona vyema leo tuyajibu maswali haya kwa pamoja, kwa sababu yana shina moja.

Shina hilo ni homoni. Ndani ya miili yetu zimo tezi mbalimbali: iliyo chini ya ubongo, iliyo shingoni, zilizo juu ya figo, kongosho, ovari za mwanamke na korodani za mwanamume. Tezi hizi hutoa homoni na kuzimimina katika damu. Homoni ni wajumbe. Kila mmoja hubeba agizo lake na kulifikisha kwenye sehemu maalumu za chembe hai ziitwazo vipokezi, ambazo humtambua mjumbe huyo kama kufuli linavyoutambua ufunguo wake. Kwa njia hii mwili hujua lini ukue, lini ubalehe, kiasi gani cha sukari kibaki katika damu, na lini mimba itunzwe.

Wajumbe hawa ni wachache mno. Baadhi yao hupatikana katika damu kwa kiasi cha sehemu moja kati ya sehemu bilioni moja, na mara nyingine pungufu ya hapo. Kwa hiyo kitu kigeni kinachofanana nao hakihitaji kuwa kingi ili kiwaingilie kazi. Kemikali zinazovuruga homoni hufanya hivyo kwa njia kuu tatu. Zipo zinazojifanya homoni na kutoa agizo ambalo mwili haukulitoa. Zipo zinazokaa katika kipokezi na kumzuia mjumbe wa kweli asipite. Na zipo zinazoharibu utengenezaji wa homoni, usafirishaji wake, au uondoaji wake mwilini baada ya kazi kwisha.

Ndugu wasikilizaji, watu wengi hudhani kwamba jambo hili limeletwa na viwanda peke yake. Tuanze basi na mfano wa karibu, ambao hauna kiwanda ndani yake.

Katika Ziwa Kivu, upande wa Kongo, kipo kisiwa kiitwacho Idjwi. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikwenda huko kuchunguza rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Ilijulikana tangu zamani kwamba rovu huletwa na upungufu wa madini joto, ambayo tezi hiyo huyahitaji ili kutengeneza homoni zake. Lakini watafiti waliona jambo la kushangaza. Watu wa kaskazini mwa kisiwa walikuwa na rovu kwa wingi, na wa kusini magharibi walikuwa nayo kidogo, ingawa pande zote mbili zilikosa madini joto kwa kiasi kilichokaribiana. Tofauti ilionekana katika chakula, hasa mihogo. Mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri hubaki na sumu ya sianidi. Mwili hujitahidi kuipunguza makali kwa kuigeuza kuwa kemikali nyingine, thayosayaneti, na kemikali hiyo huizuia tezi ya shingo isichukue madini joto hata yale machache yaliyopo.

Mfano huu unatufunza mambo matatu. Kwanza, kitu tunachokula kila siku bila kuugua siku hiyo kinaweza kuigusa tezi polepole. Pili, madhara huwa makubwa zaidi pale mwili unapokuwa tayari na upungufu mwingine. Tatu, anayeumia zaidi si yule anayekula. Mtoto aliye tumboni hutegemea homoni za tezi ya mama yake katika kujenga ubongo, na akizikosa anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Kiasi cha madini joto anachokihitaji mtu kwa maisha ya miaka 70 hakijazi kijiko kimoja cha chai. Hata hivyo kukikosa kijiko hicho ni hasara isiyofidika.

Na dawa yake ilikuwa mikononi mwa watu wenyewe: kutumia chumvi yenye madini joto, na kuitayarisha mihogo kama wazee wetu walivyofundisha, yaani kuimenya, kuiloweka siku kadhaa au kuivundika, kuianika vizuri, kisha kuitwanga na kuipika. Anayefupisha kazi hiyo kwa haraka ya soko au ya njaa huipunguzia familia yake kinga.

Sasa tuje kwenye kemikali zilizotengenezwa na binadamu. Mwaka 1938 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba wametengeneza dawa inayofanya kazi kama homoni ya kike, iitwayo kwa ufupi DES. Ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa ndogo. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani na nchi nyingine waliwapa wajawazito, wakiamini kwamba huzuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 uchunguzi uliofanywa Chicago ulionyesha kwamba haisaidii, lakini iliendelea kutolewa. Akina mama walioimeza hawakuona dosari, na watoto wao walizaliwa wakionekana wazima.

Kisha, mwaka 1971, madaktari wa mji wa Boston walieleza habari za wasichana na wanawake vijana wanane waliopata saratani ya uke ya aina ambayo ni nadra kabisa kwa umri wao. Walipouliza historia ya mama zao, waligundua kwamba saba kati ya wanane walikuwa wametumia DES wakati wa ujauzito. Mwaka huohuo serikali ya Marekani iliwaonya madaktari wasiendelee kuwapa wajawazito. Baadaye ilijulikana kwamba saratani hiyo humpata takribani binti mmoja kati ya elfu moja wa wale walioguswa na dawa tumboni, na kwamba wengi zaidi walipata matatizo ya kushika mimba na kuitunza.

Tunakieleza kisa hiki si kwa ajili ya kuwatisha, maana dawa hiyo haipewi tena wajawazito. Tunakieleza kwa sababu ndicho kilichothibitisha kwa binadamu jambo ambalo awali lilikuwa la kudhaniwa tu: kwamba kitu kinachojifanya homoni, kikimfikia mtoto wakati viungo vyake vinaumbwa, kinaweza kuacha alama itakayoonekana baada ya miaka 15 au 20. Ndiyo maana, tunapozungumzia kemikali hizi, tunawataja kwanza wajawazito, watoto wachanga na watoto wanaokaribia kubalehe.

Mmojawapo wa wanasayansi wale wa Uingereza, Charles Dodds, alikuwa amekwisha kuipima kemikali nyingine katika miaka ya 1930 na kuona kwamba nayo ina nguvu kidogo ya homoni ya kike. Hiyo ni bisfenoli A, iitwayo BPA. Haikuwa dawa. Ilikuja kutumika kutengenezea plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, na utando unaopakwa ndani ya makopo ya chakula ili bati lisishike kutu. Hivyo kitu ambacho kilikwisha kujulikana kuwa na tabia ya homoni kiliingia jikoni, katika chupa za maji na chupa za watoto.

Je, kinadhuru? Hapa inatupasa kusema kwa uangalifu. Plastiki hiyo huachia BPA kidogo katika chakula, na huachia zaidi inapopata joto au inapochakaa. Wanyama waliopewa kemikali hii katika maabara walionyesha mabadiliko katika viungo vya uzazi, katika kinga ya mwili na katika mambo mengine. Kwa binadamu, uhusiano umeonekana katika tafiti nyingi, lakini uhusiano peke yake si uthibitisho wa chanzo. Nchi nyingi zilichagua kuwakinga watoto kwanza: Umoja wa Ulaya ulikataza BPA katika chupa za watoto mwaka 2011, na Marekani ikafuata mwaka 2012. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikishusha kiwango cha BPA ambacho mtu anaweza kukila kila siku bila wasiwasi, na kukifanya kidogo mara 20,000 kuliko kile cha awali. Wapo wataalamu wengine, hata hukohuko Ulaya, walioona kwamba kiwango hicho kimeshushwa kupita kiasi. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2024 Umoja huo uliamua kuikataza katika vitu vinavyogusa chakula.

BPA si peke yake. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba kemikali zipatazo 800 zinajulikana au zinashukiwa kuvuruga homoni, na kwamba zilizopimwa kikamilifu ni sehemu ndogo tu. Miongoni mwake zimo ftaleti, zinazolainisha plastiki na kushikilia manukato. Baadhi ya viuatilifu. Na dayoksini, ambazo huzaliwa takataka za plastiki zinapochomwa ovyo. Maradhi yanayochunguzwa ni pamoja na upungufu wa mbegu za kiume, watoto wa kiume kuzaliwa na korodani zisizoshuka, wasichana kuvunja ungo mapema, kisukari, unene uliozidi, matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya saratani. Yote haya yana visababishi vingine pia. Mtu asiyepata mtoto asikimbilie kuilaumu chupa ya maji. Aende hospitali apimwe, yeye na mwenzi wake.

Ndugu wasikilizaji, mtu akisikia haya anaweza kukata tamaa na kusema kwamba kila kitu ni sumu. Sivyo. Baadhi ya kemikali hizi, kama BPA na ftaleti, hazikai mwilini. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja au mbili. Maana yake ni kwamba tukipunguza kinachoingia leo, kilichomo mwilini hupungua upesi. Basi tutazame nyumba zetu.

Tuanze na moto na plastiki. Wapo wanaofunika wali au ndizi jikoni kwa mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke. Wapo wanaomimina chai, uji au supu inayochemka katika mifuko au chupa za plastiki. Desturi hizi tuziache. Mfuniko wa sufuria, sahani ya bati au jani la mgomba hufanya kazi hiyohiyo. Chakula cha moto kiwekwe katika chombo cha chuma cha pua, udongo, kioo au enameli. Anayenunua chakula njiani na abebe chombo chake. Chombo cha plastiki kilichokwaruzika au kupauka kisitumike tena kwa chakula. Na pale penye alama ya pembetatu chini ya chombo, namba 3 na namba 7 ziangaliwe kwa makini zaidi. Ya 7 huweza kuwa na BPA, ingawa si kila mara. Maneno kwamba bidhaa haina BPA ni mazuri, lakini hayatoshi, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huweka mahali pake kemikali ya ukoo uleule.

Pili, moshi. Kuwashia jiko la mkaa kwa vipande vya nailoni ni jambo la kawaida, na ni jambo baya. Moshi ule huingia katika mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni, na mabaki yake hutua juu ya chakula. Tuwashe kwa vijiti, makaratasi au maganda makavu.

Tatu, viuatilifu. Dumu au chupa iliyokuwa na dawa ya shamba haifai kamwe kuwekewa maji, maziwa wala mafuta ya kula, hata ikioshwa kwa sabuni mara kumi. Itobolewe isiweze kutumika tena, na irudishwe kwa muuzaji au wakala mahali penye utaratibu huo. Mkulima asome idadi ya siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na aiheshimu, kwa kuwa nyanya ile italiwa na mtoto wa mtu. Dawa ya shamba isitumike kuua kunguni nyumbani. Mboga na matunda yaoshwe vizuri kwa maji safi yanayotiririka.

Nne, vipodozi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Krimu nyingi za kujichubua, na mikorogo inayochanganywa vichochoroni, huwa na zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli. Steroidi ni homoni kweli, na yule msichana aliyetuuliza alikuwa na haki ya kuuliza. Ikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi bila usimamizi wa daktari, hupenya katika damu na kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zilale. Mwenye kuitumia huweza kuvimba uso, kupanda shinikizo la damu na sukari, na ngozi yake kuwa nyembamba kama karatasi. Aliyeizoea kwa muda mrefu asiiache ghafla kwa siri, bali amwone daktari, kwa sababu tezi zilizolala huhitaji muda kuamka.

Tano, risiti. Tunawahimiza kila siku mdai risiti, na hatubadilishi neno letu. Lakini risiti nyingi za mashine huchapwa juu ya karatasi inayogeuka rangi kwa joto, na karatasi hiyo mara nyingi hupakwa BPA au ndugu yake. Basi risiti itunzwe katika bahasha. Asipewe mtoto aitafune, wala isifungiwe karanga. Wenzetu wauzaji, wanaozishika mamia kwa siku, wanawe mikono kabla ya kula, na wasizishike kwa mikono yenye mafuta, kwa sababu mafuta huirahisishia kemikali kupenya ngozi.

Tumesema ya kuacha. Sasa tuseme ya kutoacha, na hapa tunaomba masikio yenu yote, kwa maana hofu nayo huua.

Mama asiache kunyonyesha. Ni kweli kwamba mabaki ya kemikali yamepatikana katika maziwa ya akina mama duniani kote. Hata hivyo maziwa ya mama humkinga mtoto na kuhara, vichomi na utapiamlo, na wataalamu wa afya bado wanashikilia kwamba hayana mbadala ulio bora. Tusiache chandarua chenye dawa, maana malaria inaua watoto wetu leo, si baada ya miaka 20. Tusiache dawa tulizoandikiwa na daktari, ziwe za uzazi wa mpango, za tezi au za kisukari. Mwenye wasiwasi aulize kabla ya kuacha. Tusiache matunda na mboga kwa kuogopa viuatilifu. Na tusiache chumvi yenye madini joto, kwa kisa tulichokwisha kukisimulia.

Mwisho, wako watu watakaosema kwamba mzigo huu hauwezi kubebwa na mama jikoni peke yake. Wanasema kweli. Mnunuzi hana maabara mfukoni. Ndiyo sababu zipo mamlaka za viwango, ndiyo sababu nchi zetu, Tanzania na Kenya zikiwamo, ziliridhia Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kuhusu kemikali zinazodumu muda mrefu katika mazingira. Lakini mamlaka husikia kwa masikio ya wananchi. Mnunuzi anapoona krimu isiyo na orodha ya viambato, mwanasesere wa plastiki mwenye harufu kali isiyokwisha, au kiuatilifu kilichopimwa katika chupa ya soda, na akanyamaza, atakayekinunua kesho ni jirani yake. Ulizeni muuzaji kimetengenezwa na nani. Someni lebo, na kama lugha yake hamwielewi, semeni kwamba hamwielewi. Tunzeni risiti na kifungashio, mtupe taarifa.

Yule mama wa chupa tulimjibu hivi: chemsha maji katika sufuria, yaache yapoe kidogo, ndipo uyatie katika chupa; chupa ikikwaruzika ibadilishe; na ukiweza, tumia kikombe na kijiko, maana ni rahisi kuvisafisha. Alituuliza kama hayo ndiyo yote. Tulimwambia kwamba kwa upande wake ni hayo, na yaliyobaki ni deni letu sisi tuliopewa kazi ya kuchunguza na kudhibiti. Nanyi tunawaomba mtudai deni hilo.